Kisa na Mwenye Kisa

Neno kisa katika lugha yetu lina maana mbili, na wasomaji wanaopenda kuchungua maneno wataona ya kuwa maana hizo hazikukutana kwa bahati. Kisa ni habari ya mambo yaliyompata mtu. Tena kisa ni sababu. Watu wawili wakigombana kisimani, mzee akitokea huwauliza, "Kisa nini?" Hataki asimuliwe ni nani aliyetangulia kutupa ndoo na ni nani aliyerarua kanga ya mwenziwe, ataka kujua asili ya ugomvi. Nao wajibuo vema huanza mbali: deni la mwaka jana, au neno lililosemwa arusini. Hapo hadithi na sababu huwa kitu kimoja, na kwa maoni yetu fundisho la kwanza kwa kila atakaye kutunga hadithi liko papo hapo.

Twayasema haya kwa kuwa vijana wetu watungao hadithi ni wengi, na sisi tuliokaa miaka mingi tukisahihisha madaftari yao tumezisoma kwa mamia. Lugha yao aghalabu si mbaya. Sarufi ni sawa, methali zimo, hata maelezo ya mapambazuko ni mazuri, ingawa jogoo huwika katika ukurasa wa kwanza wa kila moja. Udhaifu uko mahali pengine. Kijana wa hadithi aondoka kwao kwenda mjini, njiani aibiwa fedha, afika, apata kazi, augua homa, apona, aoa, gari lapinduka, mkewe afa, arudi kwao, akuta baba yake amekwisha kuzikwa, kisha methali, na mwisho. Hakuna hapo jambo lisiloweza kutokea duniani. Lakini pia hakuna jambo lililozaliwa na jambo jingine. Wezi wangeweza kuja baada ya homa, na homa baada ya arusi, hadithi isipungukiwe na kitu. Tena ukimwondoa kijana yule ukamtia mwingine, awe mkali au mpole, mchoyo au mkarimu, mambo yote yangempata vilevile. Mambo ya hadithi ya namna hii ni kama abiria wa basi moja: wamekaa pamoja kwa kuwa wamekata tikiti siku moja, wala si ndugu.

Walimu wa fasihi siku hizi huuita mpango wa mambo ya hadithi msuko, na watu waliomo huwaita wahusika. Maneno yote mawili yafaa kufikiriwa. Mhusika ni yule ambaye jambo lamhusu. Basi mtu ambaye mambo yampitia kama mvua ipitavyo juu ya jiwe, yamhusu nini? Na msuko watoka katika kusuka. Mwanamke asukaye ukili wa mkeka huipitisha miyaa chini na juu. Mwaa uliotiwa rangi huzama usionekane, kisha huibuka mbele mahali pake, na mtazamaji asiyeijua kazi hudhani umeingizwa pale. Jambo la hadithi nalo litiwe mapema, lizame, kisha liibuke likiwa na kazi ya kufanya. Mtungaji mvivu huongeza miyaa mipya kila akwamapo. Ndipo atokeapo mjomba tajiri ambaye hatukumsikia tangu mwanzo, au simba.

Wengine watatuuliza: mbona ngano za wazee hazikujisumbua hivyo, nazo zapendeza? Ni nani aliyekaa kutueleza tabia ya Fisi, au moyo wa Sungura? Ni kweli. Lakini ngano haikuhitaji kumwumba Fisi kwa kuwa Fisi amekwisha kuumbwa. Mtoto aliyeitikia "Pakawa" alijua zamani ya kuwa Fisi ni mlafi. Akisikia ya kuwa pana mifupa njia panda, alianza kucheka kabla Fisi hajafika. Tabia ilitangulia, tukio likafuata. Tena bibi alikuwa na koo yake. Maneno ya Fisi aliyasema puani, na ya Sungura upesi upesi. Alitoa macho, alishusha mabega, na alipoona wajukuu wamechoka alipapita mbio pale palipochosha. Haya yote hayaandikiki. Karatasi haina pua. Mwandishi anakiliye maneno matupu ya ngano amechukua mifupa akaacha nyama, na kazi aliyoifanya bibi kwa koo yampasa yeye aifanye kwa matendo na maneno ya watu wake.

Hata hivyo ziko hadithi za kale zilizofanya kazi hiyo kwa ustadi ambao twafaa kujifunza hata leo. Na tuitazame moja ya Unguja, iliyomo katika mkusanyo wa Edward Steere uliopigwa chapa London mwaka 1870. Maskini mmoja aliyekwisha kufuja mali yake apekua jaani kama kuku, atafuta punje za mtama. Siku moja aokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riale. Na badala ya kununua chakula, anunua paa. Kumbe paa huyo asema, tena ana akili kuliko wanadamu. Aokota almasi, aipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali kama zawadi ya bwana wake, amposea binti wa sultani, kisha aua joka lenye vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba ya joka na mali yake yote. Yule wa jaani sasa ni Sultani Darai, kwa jina alilopewa na paa. Hata siku moja paa augua. Bwana apelekewa habari, aulizwa mgonjwa apewe chakula gani. Ajibu ya kuwa apikiwe uji wa mtama hafifu, kwani ni nini ila paa aliyenunuliwa kwa thumuni? Paa afa kwa uchungu, mzoga wake watupwa kisimani. Na mwisho wa hadithi bwana aamka usingizini, ajikuta jaani, apekua kama zamani.

Miujiza imo tele katika hadithi hii, lakini bawaba ambayo mlango wote wageukia si muujiza. Ni ile thumuni. Ilitiwa mwanzoni kama kitu kidogo, ikazama chini ya almasi na dhahabu, ikaibuka kinywani mwa tajiri wakati ambapo kila msikilizaji amekwisha kuisahau. Yeye hakuisahau. Mtu aliyekumbuka bei akasahau fadhila, huyo tumemjua, wala msimulizi hakuhitaji kutuambia ya kuwa hana shukrani. Tena liko jambo jingine, ambalo wengi hulipita. Tangu mwanzo tuliambiwa ya kuwa mtu huyu alifuja mali yake. Mwenye njaa atoaye senti yake ya pekee akanunua mnyama wa kuchezea ni yule yule mfujaji. Hajui thamani ya kilichomo mkononi mwake. Upumbavu huo ulimtajirisha safari ya kwanza, na upumbavu huo huo ukamrudisha jaani. Tabia ni moja, nayo imezaa mwanzo na mwisho. Aliyetunga hadithi hii hatumjui jina, naye hakupita shule yo yote ya kutunga. Lakini alijua mtu ni nini.

Neno tabia tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake ndilo shina la matbaa, mahali pa kupigia chapa. Basi tabia ni kama chapa, na chapa haionekani mpaka igandamizwe. Mtungaji aandikaye, "Alikuwa mtu mkarimu sana," ametupa ahadi tu, na ahadi ni deni. Njaa na iingie katika nchi, mgeni na apige hodi usiku, na chunguni mmebaki chakula cha mtu mmoja. Kisha na tumtazame mkarimu wetu atafanya nini, na mkewe atamtazama kwa jicho gani. Mistari kumi ya namna hiyo yashinda ukurasa mzima wa sifa.

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliweka kisa mbele ya tabia, akakiita roho ya tamthilia ya huzuni. Hatutaki kushindana naye. Lakini tamthilia nyingi alizozitazama zilitwaa watu waliokwisha kujulikana kwa Wayunani wote, kama vile Fisi na Sungura walivyojulikana kwetu. Mtungaji wa riwaya hana watu wa kuazima. Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, aliwagawa watu wa riwaya mafungu mawili, na wahakiki wetu wameyaita bapa na duara: bapa ni yule awezaye kuelezwa kwa sentensi moja, na duara ni yule awezaye kutushangaza nasi tukakubali. Mgawanyo huo wafaa, ila wanafunzi wameugeuza kuwa matusi, kana kwamba kila mtu bapa ni aibu ya mtungaji. Fisi ni bapa, naye ameishi kuliko sisi sote. Neno la kuuliza ni kama mtu bapa amewekwa mahali pa mtu duara.

Hapo twafika kwa Shaaban Robert, na twaomba tusieleweke vibaya. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Majivuno amshitaki Karama. Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, nduguze Adili waitwa Hasidi na Mwivu. Jina limekwisha kuhukumu kabla baraza halijakaa. Yeye alijua alifanyalo: nia yake ilikuwa kusema juu ya haki, utawala na wivu, na watu wake ni mizani ya kupimia mambo hayo. Mizani haihitaji kuwa na moyo. Lakini walioiga majina bila kuwa na hekima ya mwenyewe wametuletea akina Bwana Ulevi na Bibi Subira, ambao hata wakikaa kurasa mia hawatafanya ila jambo moja, na msomaji amelijua tangu jalada.

Kwa upande wa msuko, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitufungulia mlango mwingine kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake wameingia katika mazungumzo ya wasomaji wengi, lakini twataka mtungaji mwanafunzi atazame zaidi jinsi dalili zilivyopandwa. Hadithi ya upelelezi haina huruma kwa mtungaji mvivu; jambo lisilotiwa mapema, msomaji hulikataa mwishoni, na ana haki.

Hata hivyo mfano tuupendao kupita yote watoka kisiwa cha Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu chake juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakikupata mpiga chapa, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Wako wadhanio ya kuwa mila ni pambo la hadithi: waingiza ngoma na mahari kama mtu atundikavyo picha ukutani. Kwa Kitereza mila ni mlango ambao lazima mtu aupite, na apitapo ndipo tumwonapo. Bibi Bugonoka hana mtoto. Jamaa za mumewe wamsimanga. Wazazi wake wamrudisha kwao. Hapo mila imekwisha kusema neno lake. Myombekere angeweza kukaa kimya, na mambo yakaisha hivyo. Lakini ampenda mkewe, basi awafuata wakwe, na wakwe wamtoza pombe ya ndizi. Kurasa nyingi zasimulia ndizi, kukamua, mitungi na wachukuzi, hata msomaji mwenye haraka huona zimezidi. Sisi twaona ya kuwa kila mtungi ni neno ambalo mume yule hakuweza kulisema kwa kinywa. Kitereza hakuandika ya kuwa upendo ni kitu kikubwa. Alituonyesha uzito wake kichwani mwa mchukuzi.

Na kisiwa hicho hicho ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya aibu yaliyomo. Waliokizuia walitazama matukio. Hawakutazama kisa, yaani sababu. Zakaria ampiga bintiye kwa ajili ya barua ya kijana. Ukali huo watoka katika tabia ya baba. Hofu ya Rosa yatoka katika ukali. Na Rosa afikapo mahali asipoonwa na baba yake, hajui kujiongoza, maana hakufundishwa ila kuogopa. Ondoa barua ile ya mwanzo, na kitabu chote chaanguka.

Sasa na turudi kwa yule kijana wa daftari, tuone kama aweza kuponywa. Tumwite Mbwana. Atoka Lushoto kwenda Tanga kutafuta kazi. Swali la kwanza tusiulize yatampata mambo gani. Tuulize ataka nini, na ni jambo gani asiloweza kulivumilia. Tuseme ya kuwa hawezi kuvumilia kuonekana ameshindwa. Ni mtoto wa kwanza. Alisomeshwa kwa ng'ombe za baba yake, na siku ya kuondoka nusu ya kijiji ilimsindikiza hata kituo cha basi. Haya, na aibiwe fedha kama ilivyoandikwa. Kijana mwingine angerudi siku ile ile, au angekwenda kwa baba yake mdogo aliyeko Ngamiani. Mbwana hawezi, maana baba mdogo atapeleka habari nyumbani. Alala nje, apata kazi ya kubeba magunia bandarini, na jioni aandika barua ya kwamba ameajiriwa ofisini.

Barua hiyo haikuletwa na mtungaji kutoka nje. Imetoka ndani ya Mbwana. Na kwa kuwa imetoka, haiwezi kurudi. Baba aisoma barazani mbele ya wazee wenziwe. Kwa nguvu ya barua hiyo akopeshwa fedha na jirani. Kisha auza mbuzi wawili, atuma salamu ya kuwa aja kumtazama mwanawe kazini. Homa nayo, ambayo katika daftari ilikuja kama mgeni asiyealikwa, sasa ina kazi: Mbwana afanya zamu mbili, mchana na usiku, apate fedha za suruali na viatu vya karani, na mwili washindwa juma lile lile ambalo baba atafika. Tumetumia wizi ule ule, kazi ile ile, na homa ile ile. Gari lililopinduka tumeliacha barabarani, na mke asiyekuwa na la kufanya ila kufa tumempumzisha.

Ukitaka kuona ya kuwa kisa chamtegemea mwenye kisa, mbadilishe Mbwana tabia. Mfanye kijana asiyeweza kumnyima mtu kitu. Mara hiyo mwizi hahitajiwi tena. Fedha zaondoka kwa mkono wake mwenyewe, kwa rafiki wa siku moja aliyemwambia ya kuwa mama yake mgonjwa. Hawezi kumkwepa baba mdogo. Huenda kwake, na huko aombwa na kila mtu wa nyumba. Ni hadithi nyingine kabisa, nayo ilianza katika basi lile lile.

Baba pia ni mtu, wala asiachwe awe mwenye kudanganywa tu. Hapa twafika kwenye maneno ya watu wa hadithi, ambayo vijana wetu huyaandika kwa wingi bila kuyapa kazi. Watu wawili wasalimiana kwa mistari minane, waulizana habari za nyumbani, za kuku na za mvua, na mwishoni hatujajua lo lote. Salamu kweli ni adabu yetu, lakini katika hadithi na ziwe salamu za watu hawa wawili siku hii. Mbwana apokea mzigo wa baba yake pale kituoni, asema, "Shikamoo, baba." Baba ajibu, "Marahaba, mwanangu," ashika mkono wa mwanawe, na kiganja chake chakuta sugu. Mkulima ajua sugu ni kitu gani. Hasemi neno. Wala mtungaji asitueleze aliyoyawaza, wala asiandike ya kuwa moyo wake ulijaa huzuni. Waenda, wala wali uliopikwa kwa fedha za magunia, na baada ya kunawa baba asema, "Kazi ya kalamu ni ngumu, mwanangu."

Sentensi hiyo ina watu wawili ndani yake. Kwa nje ni neno la kawaida la mzazi. Kwa ndani baba amemwambia ya kuwa amejua, tena amemwachia mlango wazi, apende kukiri au apende kunyamaza. Baba mkali angesema neno jingine. Baba mwenye kujivuna kuliko mwanawe asingeona sugu kabisa, au angeona akaikataa, kwa kuwa barazani amekwisha kusoma barua. Kila mmoja wa mababa hawa watatu angempeleka Mbwana njia yake, na mtungaji yampasa achague kabla hajaandika, maana mbuzi wawili waliouzwa ukurasa wa saba watakuwa na maana tofauti kwa kila baba.

Mwanafunzi mmoja, tulipofika hapa darasani, aliuliza ni methali gani iandikwe mwishoni: njia ya mwongo, au asiyesikia la mkuu. Tulimjibu ya kuwa ukurasa umejaa. Kama Mbwana alikiri usiku ule, au kama asubuhi alivaa suruali ya karani akamwaga baba yake mlangoni kwenda ofisi isiyokuwapo, hilo na aliandike yeye. Kijana ni wake, na sasa amjua.